Maduara ya dhahabu yaliyoachwa Chunya, tunataka kurudisha miti ya asili, tuanzie wapi?

Mwana_Chunya

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo hasa wale mliosoma misitu au mliowahi kushughulika na jambo kama hili. Sisi ni kikundi cha vijana na akina mama kijijini kwetu huku Chunya, si mbali sana na Makongolosi. Serikali ya kijiji imetukabidhi eneo kama ekari sita hivi ambalo zamani ilitokea rashi ya dhahabu, watu walimiminika wakachimba wee, ikapoa wakahamia kwingine, sasa kilichobaki ni maduara (mashimo ya wachimbaji) wazi, vifusi vya mawe, na upande wa chini karibu na korongo palikuwa na makarasha (mashine za kusaga mawe) na mwalo (pa kuoshea dhahabu) kwa hiyo kuna vilima vya marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, vyeupe pee, hata nyasi haioti. Mvua ikinyesha ule mchanga unashuka wote korongoni. Ng'ombe wa watu wameshatumbukia mle, tunashukuru Mungu hajawa mtoto.

Tunachotaka ni kurudisha pori. Yaani sio shamba la mbao, pori lenyewe, mitundu, mininga, mikurungu, ile miti wazee wakikaa wanaitaja na kila mmoja ana hadithi yake. Lakini kila tunayemwambia anatujibu pandeni mikaratusi inaota popote mtakuja kuuza.

Sasa maswali yangu. Zebaki waliyokuwa wakikamatia dhahabu, iliyobaki pale, si itaua miche? Maduara tufukie yote au? Miche ya asili inapatikana wapi maana vitalu vyote nilivyopita toka Mbeya mjini ni paina, mkaratusi, mgrivelea na parachichi basi. Na tupande mwezi gani, maana kuna shule upande wa pili walipanda miche kibao siku ya sherehe mwezi wa nne, wageni wakapiga picha wakaondoka, kufika wa nane hakuna hata mmoja umesimama. Hatutaki na sisi iwe hivyo. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Nguzo

Dogo nipo Mafinga huku, nakwambia kitu cha ukweli. Panda mkaratusi. Miti ya asili utakuja kuvuna wajukuu zako wakiwa wamestaafu. Mkaratusi hata kwenye kokoto unaenda, miaka michache una nguzo, una kuni, kikundi kina hela. Hayo mapori yapo mengi tu Chunya kwani yameisha?

Duara_Namba_Tisa

Mzee wa nguzo we kila uzi unauza nguzo 😂

Bibi_Misitu

Mwanangu Mwana_Chunya, hongereni kwa wazo. Mimi nimefanya kazi ya misitu nyanda za juu kusini mpaka nimestaafu, na Chunya nimeishi. Ngoja niandike taratibu, simu yangu inaruka herufi.

Kwanza usizichukulie ekari sita kama kitu kimoja. Kwa ulivyoeleza hapo kuna ardhi za aina tatu na kila moja ina dawa yake. Kuna marudio, kuna vifusi vya mawe yaliyotolewa ndani ya maduara, na kuna ardhi ya kawaida iliyokwanguliwa na kukanyagwa. Mkiingia na mche wa aina moja mkachimba mashimo mstari mmoja toka juu mpaka korongoni, yatawapata yale yale ya shule.

Marudio ni mawe yaliyosagwa yakabaki unga. Karibu hakuna mboji mle wala naitrojeni, wadudu na kuvu ni wachache mno. Yakikauka yanashikamana mzizi unakosa pa kupenya, na jua la Oktoba likipiga ule weupe mche unaungulia chini. Kwa hiyo mara nyingi kinachoua mche pale ni njaa na kiu kabla hata ya zebaki. Zebaki yenyewe ni balaa la watu. Na mti hauiondoi, asije mtu akawauzia mche eti unakunywa zebaki inaisha. Kazi ya mti pale ni kushika udongo usishuke, kwa sababu maji ya upande wa Lupa yanaishia ziwa Rukwa, na zebaki ikifika huko ikakaa kwenye tope kuna vijidudu vinaigeuza ikawa ile aina inayoingia kwenye samaki, na huyo samaki anarudi sokoni kwetu Mbeya. Kwa hiyo pale kwenye mwalo na pale walipokuwa wanachomea dhahabu msipande mahindi, msipande mchicha, msipande hata mti wa matunda, mbuzi wasilishwe hapo na watoto wasichezee ule mchanga. Wekeni tuta upande wa chini maji yasitoke nao, funikeni kwa udongo wa kawaida kadiri mtakavyoweza, juu yake majani makavu na samadi, halafu nyasi za vetiva kwenye kingo. Miti hapo ije baadaye, tena ile migumu ya kuanza, migunga.

Ardhi iliyokanyagwa na malori na makarasha nayo ina ugonjwa wake. Wamarekani waliona hili kwenye milima ya Appalachia kwenye makaa ya mawe. Sheria yao ya mwaka 1977 iliwabana wenye migodi warudishe ardhi, basi wakawa wanasawazisha kwa buldoza, wanashindilia, wanamwaga mbegu za majani. Ukipita unaona kijani, unasema kazi nzuri, lakini miti haikui, miaka inapita ni majani na vichaka. Baadaye wataalamu wao wakabadilisha, ardhi inalegezwa kwenda chini zaidi ya mita moja, inaachwa na mabonde mabonde yake bila kulainishwa, na yale majani makali yanayonyima miche maji na mwanga hayapandwi. Ninyi hamna buldoza lakini mna sururu na plau la ng'ombe. Limeni kwa kukinga mteremko, mvua za kwanza ziingie.

Sasa la muhimu kuliko miche. Kabla hamjanunua kiriba hata kimoja zungukeni eneo lote hiki kiangazi mkitafuta machipukizi. Miti ya miombo haifi kirahisi. Mtundu ukikatwa kisiki kinachipua, mtondoro hivyo hivyo, mlama ndiyo usiseme. Dodoma wenzenu wanaita Kisiki Hai, LEAD Foundation wanawafundisha wakulima, unachagua machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki, mengine unapunguza, unafunga kitambaa kuonyesha huu unatunzwa, unalinda. Na Shinyanga kuanzia 1986 mradi wa HASHI uliwarudisha watu kwenye ngitili, maeneo yanafungwa mifugo isiingie, na sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu, ilikuwa chini inasubiri. Yale mapande ambayo udongo wa juu ulikwanguliwa na mizizi yake ndiyo ya kupanda. Mkishayajua mtaona miche mnayohitaji ni michache kuliko mlivyofikiri, na hela inabaki ya kulinda.

Mwezi wa nne sahauni. Siku ya Kitaifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1, wenye mvua za masika inawafaa maana mvua bado ipo mbele. Sisi huku msimu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba, Aprili ndiyo zinaaga. Mche uliopandwa Aprili Chunya umepandwa kiangazi. Pandeni Desemba udongo ukishalowa kwenda chini, Januari mwanzoni mwisho.

Mzee wa Nguzo nakuheshimu lakini mkaratusi kwenye ukame ule unashindana na kila kitu kwa maji, na chini yake hakuna kinachoota cha maana, udongo utaendelea kushuka korongoni nguzo zikiwa zimesimama.

Duara_Namba_Tisa

Bibi shikamoo. Umeongea yote ila kuna pointi ya sisi wachimbaji ngoja niiweke maana nimekaa kwenye maduara miaka mingi na ndo inayoua miradi hii.

Dogo, ayo marudio ni mali ya mtu. Usione yamelala pale ukadhani takataka, marudio bado yana dhahabu, watu wanayanunua wanapeleka plenti ya sayanaidi (ile sumu ya kutolea dhahabu) wanayachenjua upya, kwa iyo mkifunika udongo mkaweka na samadi alafu siku moja anakuja jamaa na lori na kijiko anasema mimi ndo mwenye mzigo, atazoa na vetiva yenu. Ulizeni kwanza ni ya nani. Kama yana mwenyewe mwambieni ayatoe kabla ya mvua, mtakuwa mmepunguziwa kazi. Kama yalishapita sayanaidi apo ndo kabisa msiyaguse mpaka watu wa mazingira waje wapime.

Pili kijiji kuwapa ardhi sio kuwapa kilicho chini. Leseni ndogo ya uchimbaji inafika hekta 10, inakaa miaka 7 na inahuishwa, inawezekana apo kwenu kuna mtu anayo kaweka kabatini yuko zake Dar. Nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi Chunya na vipimo vya eneo waangalie kwenye mfumo. Na ikionekana ina mwenyewe msikate tamaa, ndo mmepata wa kumbana, maana mwenye leseni sheria inamtaka atunze mazingira na afukie alichochimba, sio aondoke tu. Wengi hawajui au wanajifanya hawajui.

Tatu wazee wa detekta, zile mashine za kutafutia dhahabu ardhini. Hawa mnawajua. Mkishalima mkalegeza udongo kama bibi alivyosema, usiku mmoja wanapita na mashine, kila inapolia wanachimba, asubuhi una vishimo shamba zima na miche imelala. Hamuwezi kuwazuia kwa bango. Mi ningewaambia muwaite kabisa kabla ya kupanda, kijiji kiwape wiki zao wapite kwa kibali, wamalize hamu, wakitoka ndo mpande. Kama kuna nageti (kipande cha dhahabu) iliyobaki ni bora itoke saivi kuliko ije kusikika mkiwa mmeshapanda, ikisikika tu rashi inarudi na mti hauwezi kushindana na rashi.

Maduara. Msishuke ndani hata mmoja hata kwa kamba. Hewa mle chini inaweza kuwa mbovu unazimia kabla hujaita, na magogo ya kukinga kuta yameshaoza. Mnafukia mkiwa nje, mnaanza na mawe makubwa ya kwenye vifusi vyenyewe, kokoto, alafu udongo, mnaacha kichuguu juu maana msimu wa kwanza patatitia tu. Kwa iyo vifusi navyo vimepata kazi, sio mbaya.

Alafu kitu kingine, huku dhahabu imechimbwa toka miaka ya 1920, Saza kule Mkwajuni mgodi ulifungwa miaka ya 1950. Maporini kuna mashimo ya enzi za mkoloni saivi yamejaa miti hadi huwezi kujua palikuwa na shimo mpaka utumbukie. Mwambie mzee mmoja wa kijiji awapeleke mkaangalie ni miti gani imejiotea yenyewe kwenye vile vifusi vya zamani. Hiyo ndo itakayokubali kwenu, hamna haja ya kubahatisha.

Bibi_Misitu

Marahaba mwanangu. Hilo la vifusi vya zamani ni zuri sana, hata ofisini kwetu tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, unatafuta pori jirani unaliiga. Na kuhusu detekta sina neno, wewe ndiye unawajua.

Niongeze korongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka kwenye mto au chanzo cha maji. Anzeni na ukanda huo wa korongoni, ndiko udongo unakokimbilia na ni rahisi kuutetea mtu akija na madai yake.

Mama_Kitalu_Kilolo

Kamwene nyote. Mi niko Kilolo nina kitalu, nauza parachichi na mapaina kama wengine, sikatai, ila pembeni nina vitanda vya miti ya asili kwa ajili ya vyanzo vya maji vya huku, so naomba niongelee mbegu kidogo.

Usihangaike kutafuta miche ya mtundu kununua hutaipata, na ukiipata imetoka mbali. Okoteni wenyewe pori la jirani. Maganda ya mtundu na mtondoro yakikauka yanapasuka kwa kishindo yanarusha mbegu mbali, mnayasikia mchana wa jua kali, ta! ta!, sasa mkisubiri yapasuke mtaokota hewa. Chumeni yakiwa yamekuwa ya kahawia lakini bado yamefumba, yatandazeni juani mkifunika na chandarua cha zamani, yatapasukia humo humo. Chukueni kwenye miti mingi tofauti sio mti mmoja, na panda mapema wadudu wanazipenda sana.

Mkusu ndo kabisa, mbegu yake haitunziki, ukila kusu leo panda leo, ukiiweka kwenye bahasha mpaka mwakani imekufa. Migunga kinyume chake, ganda lake gumu, chemsha maji epua, weka mbegu ziloweke usiku kucha, kesho zilizovimba panda. Mninga unahitaji uvumilivu, lile ganda lenye miiba miiba unalikata pole pole kwa mkasi wa kupogolea unatoa mbegu ndani bila kuijeruhi, na hata hivyo nyingi hazioti, msishangae. Mbegu mnazokosa waulizeni TFS, wakala wa misitu wa serikali, ile taasisi ya mbegu za miti ya Morogoro iko chini yao.

Viriba tafuteni virefu. Miti ya miombo inatanguliza mzizi chini kabla ya kichwa kupanda juu, kwenye kiriba kifupi mzizi unajikunja ukishapandwa unakufa mwaka wa pili huku unajiuliza nimekosea wapi.

Na udongo wa kiriba sasa hapa ndo siri. Bibi atanisahihisha, ila mtundu na mtondoro na mkusu ukivipanda kwenye udongo wa kitalu mtupu vinakuwa vya njano vinadumaa. Nenda porini chini ya mtundu mkubwa, parua majani ya juu, chota udongo ule mweusi wenye nyuzi nyuzi nyeupe, changanya kwenye viriba.

Bibi_Misitu

Huna kosa hata moja mama. Zile nyuzi nyeupe ni kuvu, ndiyo hao hao wanaotoa uyoga ule akina mama wanaouza barabarani mvua zikianza. Wanaishi kwenye mizizi ya mtundu, miyombo, mtondoro, mkusu, wanauletea mti fosforasi na maji, mti unawalipa sukari. Kwenye marudio na vifusi kuvu hao ni wachache mno au hawapo, ndiyo maana ukipeleka mtundu bila udongo wa kwao umeupeleka ugenini bila ndugu. Konzi moja kwa kiriba inatosha, msibebe malori ya udongo mkaharibu pori lingine. Na mtundu kinyume na watu wanavyodhani hautengenezi naitrojeni ingawa ni jamii ya kunde, migunga ndiyo inatengeneza, kwa hiyo changanyeni, migunga itangulie, mitundu iingie katikati ardhi ikishapata majani yaliyooza.

Mninga niseme hili, watu wengi wanaung'oa kwa kutojua. Mche wa mninga kichwa chake kinakufa kila kiangazi. Unakauka wote juu, mtu anakuja anasema umekufa, anachimba anapanda mwingine. Kumbe chini mzizi uko hai unanenepa, mvua zikija unachipua tena, unafanya hivyo miaka kadhaa mpaka mzizi uwe na akiba ya kutosha ndipo unatoa shina la kudumu. Wekeni kijiti kila penye mninga na muandike, vinginevyo mwanakikundi mwenye bidii atawamalizia.

Mpwani_wa_Uyole

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi kwetu ni pwani nimeoa huku. Kule Mombasa kuna sehemu inaitwa Haller Park, ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji Bamburi, jiwe tupu la matumbawe, bwana mmoja Mswisi René Haller alianza mwaka 1971 akajaribu aina nyingi za miti, uliokubali sana ni mvinje. Sasa majani ya mvinje yakadondoka yakawa hayaozi, wakaleta majongoo, majongoo yakala yale majani yakatoa mbolea, ndipo udongo ukaanza kuwepo na miti mingine ikafuata. Leo kuna viboko na twiga. Kwa nini Chunya wasipande mivinje?

Bibi_Misitu

Kwa sababu Chunya si pwani baba. Mvinje uko kwao kwenye mchanga wa bahari na chumvi. Cha kuiga Bamburi ni ule mpangilio, kwanza mti mmoja mgumu, halafu majani, halafu wadudu, halafu udongo, halafu mingine. Kwetu nafasi ya mvinje wanayo migunga. Majongoo yapo ya kutosha, yatakuja yenyewe mkiweka majani.

Mzee_wa_Nguzo

Sawa nimeelewa, nguzo hapana. Lakini niulize tu kama mtu mzima, hicho kikundi kitakula nini hiyo miaka yote? Maana najua vikundi, mwaka wa kwanza mko thelathini mna tisheti, wa tatu amebaki mwenyekiti na mke wake.

Duara_Namba_Tisa

Apo mzee kaongea.

Mama_Kitalu_Kilolo

Asali. Chunya asali yake inajulikana, na miombo inachanua kabla ya mvua kipindi ambacho nyuki hawana kitu kingine. Sio lazima msubiri miti yenu ikue, wekeni mizinga kwenye pori lililobaki pembeni, ongeeni na afisa nyuki wa wilaya. Faida ya pili, mizinga ikining'inia mwenye mifugo na mwenye shoka anafikiria mara mbili kabla ya kuingia.

Duara_Namba_Tisa

Ila mizinga iwe mbali na plenti. Nyuki anakunywa maji popote na mabwawa ya sayanaidi hayana mfuniko, watakufa wote.

Mwana_Chunya

Wakuu mmenifungua sana, bibi shikamoo, mama shikamoo. Leo tumekaa kikao nimewasomea uzi wote. Tumekubaliana kwanza mwenyekiti na katibu wanaenda kwa Afisa Madini na ofisi ya misitu wiki ijayo, na kuna mzee wetu mmoja amesema anayajua mashimo ya wazungu atatupeleka. Marudio kumbe kweli yana mwenyewe, mtu yuko Tunduma, amepigiwa simu anasema atatuma lori, tutaona.

Swali la mwisho. Wenzangu wanataka tufyeke tuchome eneo lote kwanza liwe safi ndipo tuanze, maana upande wa juu pamejaa vichaka vya kikulagembe, miiba mitupu, huwezi hata kupita. Na mimi naona kama bibi alisema msichome ila sikumbuki.

Bibi_Misitu

Sikuwa nimesema, nasema sasa. Msichome na hicho kikulagembe msikifyeke chote. Kimekuja pale chenyewe bila kupandwa na mtu kwa sababu ndicho kinaiweza ile ardhi, nacho kinaingiza naitrojeni kama migunga, na miiba yake ni uzio wa bure dhidi ya mbuzi. Fungueni vinjia vya kupita na vijinafasi ndani yake upana wa hatua mbili tatu, hapo katikati ndipo mpande mninga na mkurungu, vitakingwa na jua na mifugo mpaka vipate nguvu. Vikishakua kivuli chao chenyewe kitakipunguza.

Moto ndiyo adui yenu mkubwa kuliko zebaki. Kuanzia Juni kata njia ya moto kuzunguka eneo lote, pande zote hata upande wa korongo, mita tano au zaidi, palimwe pawe udongo mtupu, na mkubaliane na majirani wanaochoma mashamba siku za kuchoma. Wenye tumbaku hasa, wao wanataka kuni pia, kaeni nao mapema mwaongee habari ya kuni kabla hawajaja kukata usiku. Mche wa mtundu uliopitiwa na moto mwaka wa kwanza kwa kawaida ndiyo basi tena, uliovuka misimu kadhaa hata ukiungua unachipua.

Duara_Namba_Tisa

Na uyo wa Tunduma mwandikishieni kwa mtendaji wa kijiji tarehe ya kutoa mzigo, na muhuri. Simu sio ushahidi.

Mwana_Chunya

Poa kaka, kesho naenda kwa mtendaji.

Mzee_wa_Nguzo

Hiyo mizinga mmeshapata fundi? Maana mimi nina mbao za paina hapa kavu kabisa, mabanzi bei ya kutupa, natuma na basi mpaka Mbeya. Ni PM.